Picha ya Nyumba

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Muhonja hutoka mlangoni akakung'uta gambuti za Gibson. Huzishika kwa kisigino, akazigonga ukutani moja baada ya nyingine, akachungulia ndani, kisha akazirudisha pale pale kando ya kizingiti, vidole vikiangalia barabara. Voi ina nge, na nge hupenda kulala penye giza. Gibson alipokuwa hai hiyo ilikuwa kazi ya maana, kwa sababu alikuwa fundi wa mabomba ya maji na kila siku aliamka akizivaa. Sasa Gibson amelala kwao Werugha, kwenye ukungu, tangu mwaka jana, na hakuna mguu unaoingia mle ndani. Muhonja hukung'uta tu.

"Mama Abby, na hizo unamtayarishia nani?" Rita, jirani yake wa hapo mtaani Kaloleni, humuuliza akiwa upande wa pili wa ua.

"Nge hawajui kama mwenyewe amekufa," Muhonja humjibu, na wote wawili hucheka kidogo, halafu kila mtu anaenda kuangalia kama maji yametoka.

Siku moja, katikati ya wiki, alikuwa bado ameshika gambuti ya pili mkononi simu ikalia. Alikuwa Nicholas. Nicholas ni mtoto wa kwanza wa Gibson kwa mke mkubwa, Gertrude, yule anayekaa Werugha na ng'ombe wake wa maziwa. Nicholas mwenyewe yuko Nairobi, kazi ya ofisi, na si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama mdogo, Jumamosi asubuhi kuna kijana anakuja hapo kupiga picha ya nyumba. Naomba upange nyumba vizuri, tafadhali."

"Picha ya nyumba?"

"Ndiyo. Hiyo nyumba ya Voi."

Muhonja akakaa chini pale kizingitini, gambuti mapajani. "Sawa, mwanangu. Tutakuwa tayari."

Nyuma ya Nicholas kulikuwa na honi za magari. Akasema haya, asante sana, akakata.

Mtu mwingine angesikia kuta na mabati. Muhonja alisikia neno lingine, na sababu ni yale yaliyompata Werugha siku ya mazishi.

Siku ile, mwili ulipowekwa uwanjani, yule bwana wa kushika maikrofoni alianza kuita watu waje wapigwe picha na jeneza. "Nyumba ya Gertrude, karibuni." Wakaenda, Gertrude katikati, Nicholas na wadogo zake, wakwe, wajukuu waliovalishwa soksi nyeupe. Muhonja alikuwa amesimama kwenye tuta la shamba la kabichi na binti yake Abby, mtoto aliyemzaa na Gibson. Alikuwa amefunga kitambaa kipya cha kichwa. Alijua sasa itaitwa nyumba ya Voi. Wakaitwa ndugu wa marehemu. Wakaitwa wafanyakazi wenzake. Ikaitwa kwaya. Wakaitwa hata watu wa chama cha maziwa, ambao Gibson hakuwahi kukamua nao ng'ombe hata mmoja.

"Mama, hawatatuita," Abby akasema.

"Ngoja."

"Mama."

"Nimesema ngoja, Abby. Bado wanaita."

Kisha jeneza likainuliwa.

Baadaye uliposomwa wasifu wa Gibson, alivyozaliwa na alivyoishi, Muhonja alipata sentensi moja. Ilisema kwamba huko Voi marehemu alikuwa na mtu wa kumtunza. Jina halikutajwa. Na ukitaka ukweli, hakukuwa na mtu wa kusema si hivyo. Baba yake Muhonja, mzee Jeconia, alikuwa mtu wa reli kutoka Maragoli, akamzaa bintiye hapa hapa kwenye nyumba za reli. Gibson alimchukua Muhonja akisema atapeleka ng'ombe wa mahari kwa Jeconia mwaka ujao, na kila mwaka ulikuwa na mwaka wake ujao, mpaka Jeconia akafa na hakuna ng'ombe aliyetoka. Muhonja alipoenda kwa chifu baada ya mazishi, chifu alimsikiliza vizuri sana, akampa na soda, halafu akamwambia alete cheti cha ndoa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Ukoo ukimhesabu kuwa ni nyumba ya Gibson, nyumba ya pili, basi hakuna wa kumtoa Kaloleni mpaka azikwe. Wasipomhesabu, yeye ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka, ndani ya nyumba ambayo maji ya kukorogea simiti yake aliyabeba yeye kichwani na mimba ya Abby tumboni. Na sasa Nicholas mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa amesema picha ya nyumba. Nyumba ya Voi.

Alimpigia Abby, anayesuka nywele Mombasa.

"Umemuuliza ni picha gani?" Abby akasema.

"Ya nyumba. Amesema mwenyewe."

"Nyumba gani, mama?"

"Nyumba ni mimi na wewe. Kwani kuna nyingine hapa?"

"Mama, Jumamosi saluni inajaa. Na hata ningepewa ruhusa, mimi siwezi kuja kusimama tena nikingoja kuitwa. Enda wewe. Ukiitwa, utaniambia."

"Si kuenda. Ni wao wanakuja."

"Haya, mama."

Akaanza kazi. Sakafu ya ile nyumba ni simiti nyekundu, ya kupaka polishi ukisugua kwa magoti. Aliisugua kuanzia chumba cha kulala, akirudi nyumanyuma hadi mlangoni, mpaka ukisimama juu yake unaona kivuli cha mabati. Vitambaa vya makochi, vile alivyofuma wakati Gibson ni mgonjwa na hakuna la kufanya ila kukaa karibu naye, alivifua na kuvipiga pasi, kila kimoja kwa kona zake. Ukuta wa nje, pale chini ambapo mvua hurusha vumbi jekundu, aliupaka rangi iliyobaki kwenye mkebe. Haikufanana na ile ya zamani, lakini kwa mbali ilikubali.

Rita alikuja kuona, akasimama mlangoni akaogopa kuingia.

"Nivue viatu ama nivue miguu?"

"Ingia, wacha maneno."

"Mama Abby, hii ni picha ama ni harusi?"

Muhonja akainama akaendelea kusugua. "Wanataka kunipiga picha ya nyumba, Rita. Wale wa Werugha."

Rita aliacha mzaha. Yeye alikuwa Werugha siku ile, aliona. Akarudi kwake, akaja na nguo yake ya bluu ya kitenge, ile ya kuendea kanisani, na viatu vyenye kisigino.

"Viatu vitakubana," akasema. "Lakini picha haijui kama vidole vinalia."

Ijumaa Muhonja alipanga viti. Kile cha Gibson kati, maana labda Nicholas atakuja na huyo kijana, na mtoto wa kwanza ndiye wa kukalia kiti cha baba. Chake mkono wa kushoto. Halafu akashusha ukutani picha ya Abby siku ile ya kumaliza darasa la nane, akaifuta kioo, akaamua kwamba ataishika mapajani. Hivyo nyumba itakuwa imetimia.

Jumamosi kijana alifika kwa bodaboda, peke yake, na begi mgongoni, stendi ya kamera, kapeti lililokunjwa na mfuko wa malimau. Aliposogea Muhonja akaona malimau ni ya plastiki. Jina lake Chrispine. Alipomsikia mwenye nyumba anaitwa Muhonja, meno yote yakatoka nje.

"Muhonja! Si wewe ni wa kwetu Maragoli kabisa! Mirembe, mama."

"Mirembe, mwanangu. Karibu chai."

"Na vile umependeza. Unaenda sherehe?"

Muhonja akacheka, akaona aibu, akammiminia chai. Alifikiri kijana anamsifu tu. Akauliza kama Nicholas yuko nyuma. Chrispine akasema hapana, yeye na Nicholas wanaongea kwa simu tu, kazi yake ni kupiga na kutuma.

Akanywa chai haraka, akaangalia sebule, akasema safi, sakafu iko moto sana. Halafu akaanza kutoa vitu.

Alitoa kwanza vitambaa. Alivikunja kwa heshima, hata kona alizifuata, akampa mkononi. "Hizi zinafanya kochi lionekane la zamani, mama." Muhonja akaviweka kitandani. Labda studio za siku hizi ziko hivyo. Akatoa kalenda ya kanisa. Akatoa redio. Akaingia jikoni akakuta mitungi ya maji imejipanga kutoka mlango hadi sinki, akashika kiuno.

"Hii yote lazima iende nje."

"Na maji nitaweka wapi?"

"Mtu wa Nairobi akiona mitungi, atajua maji hapa ni ya wiki kwa wiki."

"Kwani si ni ya wiki kwa wiki?"

"Ndiyo, mama, lakini asijue leo."

Wakaibeba pamoja, yeye na Chrispine, na vile viatu vya Rita vikimuuma, wakaipanga nyuma ya choo. Muhonja bado hakuuliza huyo mtu wa Nairobi ni nani. Kwake mtu wa Nairobi alikuwa Nicholas, na Nicholas alijua maji ya Voi tangu utoto. Jambo hilo lilimkwaruza kidogo, akaliacha.

Kisha Chrispine akapanda kiti, akaanza kushusha fremu. Gibson na sare ya kazi. Gibson na Muhonja siku walipoenda kuona bahari, wamefumba macho kwa jua. Mzee Jeconia. Kila fremu iliposhuka, ukutani palibaki mraba safi, rangi ile ya kwanza kabisa waliyopaka wakihamia.

"Sura za watu tunaondoa," akasema. "Halafu nisaidie, hiki kiti kikubwa kinakula nafasi. Na hicho kingine pia."

Alikuwa ameshika kiti cha Gibson. Na hicho kingine kilikuwa chake.

"Sasa watu watakaa wapi?" Muhonja akauliza.

"Watu gani?"

"Wa picha."

Chrispine akamwangalia. Akaangalia kitenge cha bluu, viatu, poda shingoni. Akaona picha ya Abby mezani, imesimamishwa inangoja kubebwa. Alikirudisha kiti chini polepole kama kina mtoto amelala.

"Mama," akasema, "uliambiwa ni picha gani?"

"Ya nyumba."

"Ya nyumba, ndiyo. Lakini picha ya nyumba huwa haina mtu."

Muhonja hakuelewa. Au alielewa, na masikio yakawa yanakataa kupeleka. Akachukua simu, akampigia Nicholas, na Chrispine akatoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Nicholas, baba, huyu kijana amefika. Anasema picha haina mtu."

"Ndiyo, mama mdogo. Ni za kuweka mtandaoni. Kwa ajili ya wanunuzi." Kisha akaongeza, "Mama mdogo, nilidhani ulielewa. Tulikaa Werugha tukaamua nyumba iuzwe. Nilifikiri baba mdogo alikuambia."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Aki pole. Nisamehe kwa hilo. Lakini usiwe na wasiwasi, hakuna mtu anakufukuza. Utakaa hapo hapo mpaka mnunuzi apatikane. Hata tunakuhitaji. Watu wakija kuangalia, si wewe utakuwa unawafungulia, unawaonyesha vyumba? Wewe ndiye unaijua nyumba."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Hiyo ndiyo ilimshinda Muhonja. Angetukanwa, angejua pa kushika. Alitaka kusema mimi ndiye nyumba, lakini akajisikia vile lingetoka, kama mtu mlevi.

"Abby pia hajui," akasema tu.

"Nitampigia, mama mdogo. Wacha kijana amalize, jua likipanda vivuli vinaharibu."

Alipokata, Chrispine alikuwa mlangoni na macho chini.

"Mama, mimi nilitumwa tu. Hata naweza kurudi siku nyingine."

"Ukirudi siku nyingine kitabadilika nini?"

Muhonja akashika kiti cha Gibson upande mmoja. "Shika huko," akasema. Kijana akashika, wakakitoa.

Akaendelea kumsaidia. Mikono haikujua kazi nyingine. Alikunja, akabeba, akafuta alama za viatu vyao kwenye sakafu yake mwenyewe ili picha itoke safi. Kapeti la kijana likatandikwa, malimau yakawekwa kwenye bakuli. Sebule ikawa kubwa na nzuri kuliko alivyowahi kuiona. Ilikuwa nyumba ya mtu mwingine, anayekula malimau.

Chumbani Chrispine alipiga picha, akaangalia kamera, akapiga ulimi. "Umetokea kwa kioo cha kabati, mama. Unaonekana nguo na uso nusu."

"Nitoke?"

"Wacha tu, hakuna shida. Nitakufuta kwa kompyuta."

Hakusema kwa ubaya. Akasikia mwenyewe alivyosema, akakohoa.

"Nipige moja basi," Muhonja akasema. "Nje hapo mlangoni. Ya kwangu."

Akampiga. Alisimama kizingitini, mikono pembeni kama mtoto wa shule, na Abby kifuani kwenye fremu. Chrispine alimwonyesha kwenye kamera. Ilikuwa imetoka vizuri. Ila kwenye picha ile, bila viti, bila mitungi, bila vitambaa nyuma yake, alionekana kama mama aliyekuja kuuza kitu mlangoni akaambiwa angoje. Muhonja aliiangalia, akarudisha kamera, hakuomba atumiwe.

Kilichobaki kilikuwa picha ya juu. Chrispine akatoa droni kwenye begi. Kabla ya hapo akaona gambuti kando ya kizingiti, akaziokota kwa vidole viwili, akazipeleka kwenye lile rundo nyuma ya choo.

Muhonja akazifuata. Akavua viatu vya Rita, akavifunga pamoja, akavitundika kwenye ua. Akashika gambuti kwa kisigino, akazigonga kwenye mtungi, moja, na nyingine, akachungulia. Hamkuwa na kitu. Akazivaa. Zilikuwa kubwa, zilikuwa na baridi. Fremu ya Abby akaiweka kwapani.

Droni ikapanda ikilia kama nyuki. Watoto wa barabara nzima wakatoka wakipiga kelele, "Ndovu wametoka! Ndovu!" maana watu wa wanyamapori hutumia kitu kama hicho hicho kuwarudisha ndovu mbugani.

Rita akachomoza kichwa juu ya ua. "Mama Abby, wamekuletea ile ya kufukuza ndovu? Na hizo gambuti ndizo umepigwa nazo picha? We mwanamke!"

Muhonja akamwinulia mkono. Alitaka kumweleza, akaona maneno ni mengi na ua ni mrefu.

"Mama," Chrispine akaita, macho kwenye kioo cha simu, "samahani, sogea kidogo, uko ndani ya picha."

Akasogea hadi kwenye ukuta.

"Bado nakuona. Hiyo bluu inashika sana. Kidogo tena."

Akasogea hadi getini.

"Tena kidogo, mama. Ukitoka nje ya geti itakuwa poa."

Akatoka nje ya geti, akasimama barabarani.

"Aki pole, barabara pia inaingia. Enda tu mbele kidogo. Endelea. Endelea."

Akaendelea. Alipita geti la Rita, akapita duka la Maundu la mkaa. Maundu alimsalimia na yeye akaitikia. Mlima wa Sagalla ulikuwa mbele yake, umekaa pale pale. Gambuti zilimpiga vigimbini kila hatua, kwap, kwap, kama vile zilivyokuwa zikilia Gibson akirudi jioni na tope. Nyuma yake ule mlio wa nyuki ulipungua, kisha ukakoma.

"Mama, basi! Hapo sawa!" Sauti ya Chrispine ilitoka mbali. "Tumemaliza! Rudi sasa!"

Alisikia vizuri. Alibadilisha fremu, akaihamishia kwapa la pili, akapinda pale barabara inapoelekea kwenye reli.

Chrispine alingoja mpaka chai ikaisha kwenye birika. Ilibidi Rita afunge mlango. Aliingiza mitungi ndani yeye mwenyewe, akijua Muhonja akirudi atataka maji. Nguo yake ya bluu haijarudi mpaka leo, wala aliyeivaa, na Rita hajamuuliza mtu.